SOMO: MASHARTI YA KUANZIA YA PROGRAMU ZA MTANDAO, KATIKA FAILI NA KATIKA MSTARI WA AMRI

Utangulizi



Katika miaka ya 1970 makatibu wengi wa vyama vya msingi walijifunza utunzaji wa vitabu kwa masomo ya posta yaliyotoka Moshi. Walikutana jioni katika vikundi, mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakauliza na kujibu. Somo hili limeandikwa kwa utaratibu huo, ingawa jambo lenyewe ni la siku hizi. Lisomwe kwa kikundi: katibu, mhasibu, karani wa mizani, na walau mjumbe mmoja wa Bodi. Mahali palipo na kompyuta isomwe mbele ya kompyuta.

Ofisi za vyama vyetu kandokando ya Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, sasa zina kompyuta pamoja na daftari la karatasi. Taarifa za chama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo uitwao MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Kwa hiyo mtandao wa ofisi si pambo. Ukikatika siku ya mizani, anayeumia kwanza ni mkulima aliyeshuka na gunia lake tangu alfajiri.

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili msomaji ataweza:

(a) kueleza mahali ambapo programu ya mtandao huchukua masharti yake inapoanza kazi;
(b) kutofautisha sharti lililotolewa kwa mstari wa amri na sharti lililoandikwa katika faili;
(c) kujua ni lipi lenye kauli ya mwisho yanapopingana;
(d) kubadili faili bila kuhatarisha kazi za chama.

Sehemu ya Kwanza: Mfano wa chama kimoja

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha kahawa kwenye miteremko ya Meru. Jina hatulitaji, kwa kuwa chaweza kuwa chama chochote.

Ofisi ina kompyuta moja yenye daftari la wanachama. Karani wa mizani ana kompyuta yake ghalani, nayo huandika uzito wa kahawa ya maganda moja kwa moja katika daftari lile. Ipo pia mashine ya kuchapia stakabadhi. Katikati yake ipo kompyuta ndogo yenye programu iitwayo dnsmasq, iliyotungwa na Simon Kelley wa Uingereza. Programu hii hutolewa bila malipo, na imo ndani ya ruta nyingi ndogo zinazouzwa madukani.

Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kugawa namba: kila kifaa kinachowashwa huomba namba ya kujitambulisha, nayo hukipa. Utaratibu huu kwa namna yake ya sasa uliandikwa mwaka 1997. Kazi ya pili ni kujibu majina: kifaa kikiuliza jina fulani lina namba gani, programu hujibu, au huuliza kwa wakubwa wake kisha ikakumbuka jibu. Utaratibu wa majina ulibuniwa mwaka 1983.

Jumatatu jioni fundi alikuja. Aliisimamisha dnsmasq, akaiwasha upya kwa kuandika amri ndefu kwenye kioo cha kompyuta. Amri hiyo iliagiza kompyuta ya daftari ipewe namba 192.168.8.10 daima, na vifaa vingine vipewe namba kuanzia 192.168.8.100 hadi 192.168.8.150. Kila kitu kilifanya kazi. Fundi alilipwa, akashukuru, akarudi mjini.

Usiku umeme ulikatika. Asubuhi ya Jumanne ulirudi, kompyuta zikawaka, na dnsmasq ikaanza yenyewe kama kawaida. Lakini haikugawa namba hata moja. Karani hakuweza kulifikia daftari, na stakabadhi hazikuchapwa. Wanachama walisimama kwenye foleni hadi jua la saa sita. Mwishowe uzito uliandikwa kwenye makaratasi, na magunia mawili yakabishaniwa hadi leo.

Je, ni nini kilichoharibika? Hakuna. Mashine zilikuwa nzima, na programu ilikuwa nzima. Kilichopotea ni agizo la fundi, kwa sababu lilitamkwa tu wala halikuandikwa mahali pa kudumu.

Sehemu ya Pili: Masharti hutoka wapi

Chama cha ushirika hakianzi kazi bila masharti yake. Programu nayo ni hivyo hivyo. Inapowashwa hukusanya masharti yake ya kuanzia kutoka mahali patatu:

1. Masharti ya asili, ambayo mtungaji aliyaweka ndani ya programu. Mathalani, dnsmasq isipoagizwa vinginevyo hukumbuka majibu ya majina 150. Kugawa namba si miongoni mwa masharti hayo: isipoagizwa, haigawi kabisa.

2. Faili la mipangilio, yaani karatasi ya maandishi iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Kwa dnsmasq faili hilo kwa kawaida huitwa /etc/dnsmasq.conf. Programu hulisoma kila inapoanza.

3. Mstari wa amri, yaani maneno anayoyaandika mtu wakati wa kuiwasha programu.

Sasa tunaweza kuueleza mfano wetu. Amri ya fundi ilikuwa ya aina ya tatu. Faili la mipangilio lilikuwa tupu. Umeme uliporudi, kompyuta iliiwasha dnsmasq kwa utaratibu wake wa kawaida, bila maneno ya fundi. Programu ilisoma faili, haikukuta agizo la kugawa namba, ikarudia masharti yake ya asili. Ilitii sawasawa kila ilichoambiwa.

Sehemu ya Tatu: Mstari wa amri

Amri ya fundi ilikuwa kama hivi, ingawa aliiandika yote kwa mstari mmoja:

dnsmasq --interface=eth0
--dhcp-range=192.168.8.100,192.168.8.150,12h
--dhcp-host=02:00:00:00:00:10,192.168.8.10

Neno la kwanza ni jina la programu. Kila sharti linatanguliwa na vistari viwili. Sharti la kwanza lataja mlango wa waya utakaohudumiwa. La pili lataja namba za kugawa, na muda wa kila mgawo, yaani saa 12. La tatu lasema: kifaa chenye alama hii ya kiwandani kipewe namba hii daima.

Mstari wa amri una faida zake. Wafaa kwa majaribio, kwa kuwa ukikosea, ukizima na kuwasha upya hapana alama inayobaki. Wafaa pia kwa uchunguzi. Fundi anayetafuta kosa aweza kuizima dnsmasq ya kawaida, kisha akaiwasha mbele ya macho yake:

dnsmasq --no-daemon --log-queries

Hapo programu haijifichi nyuma. Kila swali la jina linaloingia huonekana kwenye kioo. Isipozimwa kwanza ile ya kawaida, ya pili itakataa kuanza, kwa sababu mlango wa kazi umekwisha kushikwa. Watu wawili hawakalii kiti kimoja cha mwenyekiti.

Lakini faida hiyo ndiyo hasara yake. Sharti la mstari wa amri huishi kadiri programu inavyoishi. Programu ikizimwa, sharti limekufa.

Sehemu ya Nne: Faili la mipangilio

Masharti yale yale huandikwa katika faili, moja kwa kila mstari, bila vile vistari viwili vya mwanzo:

# Mtandao wa ofisi. Limeandikwa na katibu, 4 Agosti.
interface=eth0
dhcp-range=192.168.8.100,192.168.8.150,12h
# Kompyuta ya daftari la wanachama:
dhcp-host=02:00:00:00:00:10,192.168.8.10
# Ruta ya kutokea nje:
dhcp-option=option:router,192.168.8.1
cache-size=500

Mstari ulioanza na alama ya # hausomwi na programu. Huo ni wa binadamu. Tunawasihi makatibu wasiuone kuwa ni wa bure. Katika mistari hiyo ndimo inapoandikwa sababu ya kila sharti, jina la aliyeliandika na tarehe. Mwaka mmoja baadaye, katibu mpya akikuta namba 192.168.8.10, atajua ni ya nini na kwa nini haifai kuguswa.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Masharti ya mtandao ni mali ya chama. Yakibaki kichwani mwa fundi mmoja, siku fundi akihama chama kimehama naye.

Sehemu ya Tano: Ni nani mwenye kauli ya mwisho

Hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Ikiwa faili linasema jambo moja na mstari wa amri unasema jingine, programu hutii lipi?

Wengi hujibu haraka: hutii mstari wa amri, kwa sababu ndio uliosemwa mwisho. Jibu hilo ni kweli kwa baadhi ya programu, si kwa zote. Kila programu ina katiba yake.

Tutazame ssh, programu ambayo mafundi huitumia kuingia katika kompyuta iliyo mbali. Hiyo huanza na mstari wa amri, kisha faili la mtumiaji mwenyewe, kisha faili la kompyuta nzima. Kwa kila sharti, thamani iliyopatikana kwanza ndiyo inayoshika. Basi mstari wa amri hushinda. Na ndani ya faili lenyewe, lililo juu hushinda lililo chini. Kwa hiyo masharti ya kompyuta maalumu yaandikwe juu, na ya jumla yaandikwe chini.

Sasa tutazame dnsmasq. Hii ni kinyume. Kwa sharti lisiloruhusiwa kutajwa zaidi ya mara moja, faili la mipangilio ndilo linaloshinda mstari wa amri. Faili likisema cache-size=500, nawe ukawasha kwa --cache-size=1000, utapata 500. Waweza kurudia amri yako mchana kutwa, na programu haitakutii wala haitakupa onyo.

Na yako masharti yanayoruhusiwa kutajwa mara nyingi, kama dhcp-range na dhcp-host. Hayo hayashindani bali hujumlishwa. Ukiwa na fungu moja la namba katika faili na fungu jingine katika amri, yote mawili yanatumika. Anayedhani amebadili fungu kumbe ameongeza la pili.

Upo mtego wa tatu. Katika ruta zenye mfumo wa OpenWrt, faili la kuandikia ni /etc/config/dhcp. Kutokana na hilo, mfumo hutengeneza wenyewe faili jingine la dnsmasq kila huduma inapoanza. Ukiandika katika lile lililotengenezwa, mabadiliko yako yatafutwa ruta ikizimwa na kuwashwa. Basi uliza kwanza: faili hili ni asili au ni nakala?

Kwa hiyo kanuni ni hii: usibuni, soma mwongozo wa programu yenyewe. Katika kompyuta nyingi za aina hii mwongozo umo ndani, nao hufunguliwa kwa kuandika:

man dnsmasq

Sehemu ya Sita: Kubadili faili bila kuharibu kazi

Hatua zifuatazo zifuatwe kwa mpangilio. Hatua nne za kwanza hazikatizi kazi ya mtu yeyote.

1. Nakili faili lililopo, ulipe jina lenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo njia ya kurudi nyuma.

2. Tengeneza nakala ya pili ya kuandikia mabadiliko. Faili linalotumika lisiguswe bado.

3. Andika badiliko moja tu, pamoja na mstari wa maelezo unaoanza na #. Ukibadili mambo matano kwa pamoja na mtandao ukafa, hutajua ni lipi lililoua.

4. Lipime faili jipya kwa amri hii:

dnsmasq --test --conf-file=/root/jaribio.conf

Programu hulisoma faili hilo peke yake, ikaliacha lile la kawaida. Ikikuta kosa la maandishi hutaja mstari wenye kosa. Lakini kipimo hiki chakagua maandishi tu, hakikagui akili. Ukiandika namba iliyokuwa ya mashine nyingine, kipimo kitapita na ugomvi utakuja baadaye.

5. Weka faili jipya mahali pa lile la zamani, kisha anzisha programu upya. Katika mifumo mingi ya Linux ya leo amri ni:

systemctl restart dnsmasq

Kuna njia nyingine ya kuiashiria programu isome upya orodha ya majina iliyomo katika /etc/hosts bila kuzimwa. Wengi hudhani ishara hiyo husomesha upya na faili la mipangilio. Sivyo. Kwa dnsmasq, faili la mipangilio husomwa wakati wa kuanza tu. Usipoanzisha upya, ulichoandika ni maandishi matupu.

6. Zima kompyuta yenyewe, uiwashe, na uzime na kuwasha angalau kifaa kimoja cha ofisi. Hatua hii ndiyo iliyorukwa na yule fundi. Kifaa kilichokwisha kupewa namba kwa saa 12 chaweza kuendelea nayo hata kama mgawaji amekwisha kufa, na hivyo kosa la jioni likafichika hadi kesho yake. Kipimo cha kweli ni kuiga kukatika kwa umeme, nacho kifanyike fundi akiwa bado ofisini, kabla ya kulipwa.

Tahadhari moja zaidi. Ruta zinazotolewa na makampuni ya simu kwa kawaida nazo hugawa namba. Ofisi moja isiwe na wagawaji wawili wasiojuana, kwani vifaa vingine vitapokea kwa huyu na vingine kwa yule. Chagueni mmoja, na kwa yule mwingine kazi hiyo ifungwe.

Sehemu ya Saba: Wajibu wa chama

Mwanachama aweza kuuliza: haya yote si kazi ya fundi? Jibu ni kwamba kuandika ni kazi ya fundi, lakini kujua kilichoandikwa ni wajibu wa chama. Mhasibu huandika vitabu, ila Mkutano Mkuu ndio unaovipokea na Bodi ndiyo inayojibu. Azimio lisiloingia katika muhtasari wa kikao haliwezi kudaiwa na mtu. Vivyo hivyo, sharti lisiloingia katika faili si sharti la chama. Ni neno la mpita njia.

Tunapendekeza kila chama kifanye mambo manne:

(a) Mafaili yote ya mipangilio yachapwe kwenye karatasi, yatiwe sahihi na katibu, na kuhifadhiwa pamoja na hati nyingine za chama. Maneno ya siri yasichapwe humo. Yatunzwe mbali, ndani ya bahasha iliyofungwa.

(b) Liwepo daftari la mabadiliko lenye safu nne: tarehe, kilichobadilishwa, sababu, na jina la aliyebadilisha.

(c) Fundi asilipwe hadi hatua ya sita ifanyike mbele ya katibu au mwakilishi wake.

(d) Mabadiliko yasifanywe jioni ya kuamkia siku ya mizani wala siku ya malipo.

Chama cha mfano wetu kilijifunza haya kwa gharama. Masharti matatu ya fundi, ambayo yangeandikwa katika faili kwa dakika tano, yaliwagharimu wakulima asubuhi nzima na imani kidogo. Gunia lililobishaniwa haliwezi kupimwa tena, maana kahawa imekwisha kuchanganywa na ya wengine.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Taja mahali patatu ambapo programu huchukua masharti yake ya kuanzia. Ni lipi kati ya hayo hupotea umeme ukikatika?

2. Faili la dnsmasq lina cache-size=500. Karani ameiwasha programu kwa --cache-size=1000. Programu itatumia ipi? Je, jibu lingekuwa hilo hilo kwa thamani mbili zinazopingana katika ssh? Eleza.

3. Kwa nini kosa la fundi halikuonekana Jumatatu jioni?

4. Katibu amebadili faili, akalipima, na programu ikasema hapana kosa. Lakini mtandao bado unafanya kazi kama zamani. Ni hatua gani ameisahau?

5. Je, fundi wenu akihama leo, ni nani katika chama anayeweza kuonyesha masharti ya mtandao wenu yalipoandikwa? Jibu la swali hili liandikwe katika muhtasari wa kikao kijacho cha Bodi.

Kazi ya kufanya

Kabla ya msimu wa kahawa kuanza, kila kikundi kichague siku isiyo ya mizani. Zimeni mashine zote za ofisi, subirini dakika tano, kisha ziwasheni bila kumwita fundi. Andikeni kilichorudi chenyewe na kisichorudi. Kila kisichorudi ni sharti ambalo bado halijaandikwa.